Huo Uzi Si wa Picha

...na kiti cha plastiki nacho kitoke, na ndoo, na televisheni ifunikwe khanga, haya, Bi Mwanawema kaketi mkekani kama alivyoelekezwa, kijana huyu Ashraf kaja Msuka na kamera yake kupiga maisha yetu kama yalivyo, ndivyo alivyosema mwenyewe, kama yalivyo, halafu viti kavitupa uani, loo, watu watadhani tunakaa chini siku zote, basi si kitu, mgeni huyo, lakini kofia hii nani kaitoa sandukuni, bila shaka Nadhira, mtoto wangu huyu hana simile, kofia ya babake, marehemu Mabruki, viua, vile vitobo vya kuzungushiwa uzi, vimefika kisogoni vikasimama pale pale siku alipoletwa kutoka shamba, kaanguka kutoka juu ya mkarafuu, "Shona kidogo, Bi, jifanye tu," sindano ninayo, uzi sina mwanangu, "Hauonekani, wewe tembeza mkono," jifanye... kila siku Nadhira humwambia mama imalize umpe mtu avae, ampe nani, kichwa kile alikuwa nacho nani tena Pemba nzima, akimpima kwa kamba akimwambia we Mabruki hiki kichwa au fenesi, naye akicheka mpaka kamba ikiteleza, tena ikiisha itakuwa kofia ya nani, ikiwa nusu bado ni yake, "Chini ya picha nitaandika, Bi Mwanawema akimshonea mumewe," astaghfirullah, mume gani, huu mwaka wa pili, "Hawatajua, Bi," hawatajua wao, mimi je, nitamshoneaje maiti mbele ya watu, uongo mtupu huu, atamwambia kijana aufute... kamera ikalia, na mkono, maskini mkono, haujui kujifanya, umeshatoboa, ncha ya sindano imezungushwa kitambaa kikafunguka, tobo zima hilo, dogo, zuri, linapita mwanga, na tobo haliachwi hivi, likikosa kuzungushiwa uzi litachanika mpaka juu na viua vyote viende, subhanallah, nimemtobolea... basi nilikuwa namshonea kweli, macho yakamjaa machozi, wala hakuona haya, "Hapo hapo, Bi! Usitikisike!", kumbe hata kuimaliza ni kumshonea, "Nadhira," akaita, "niletee uzi mweupe," Ashraf akacheka nyuma ya kamera, "Bi, nimekwambia uzi hauonekani kwenye picha," naye, jicho halijatoka kwenye lile tobo, akamjibu taratibu, "Najua, mwanangu. Huo uzi si wa picha."