Sura ya Bibi Hedwig

Babu yangu, Profesa Ottmar Brehm, alifikiri kwa kadi. Miaka hamsini, kila wazo lililomjia aliliandika kwenye kadi, akaipa kadi namba, akaitia katika kabati la droo lililomeza sebule yetu hapa Marburg, Ujerumani. Hakuona haja ya kukumbuka. Kabati lilikumbuka kwa niaba yake. Hata ugonjwa ulipoanza kumla kumbukumbu, hakushtuka. Aliketi kuandika maisha yake, kama wanafalsafa wafanyavyo wakishachoka kubishana na wafu.

Sura nane zikaisha. Ya tisa ilikuwa ya bibi, tuliyemzika miaka minne nyuma.

“Wiebke, nitolee Hedwig.”

“Loo, babu! Mkeo umemtia kwenye droo? Ndiyo maana alikuwa hamalizi kikohozi, kwa vumbi la humo.”

“Punguza mdomo. Tafuta.”

Nikatafuta. Ndoa: kadi mia mbili na kumi, zote za watu waliokufa kabla treni haijabuniwa. Upendo: mia nne. Bibi hayumo. Siku ya tatu nikamkuta kwenye droo ya Usumbufu, kadi moja tu. Nikamsomea:

“Alhamisi. H. kaleta supu ya dengu. Wazo limekatika.”

“Endelea.”

“Ndo hiyo tu, babu.”

“Haiwezekani. Tuliishi pamoja miaka arobaini na sita.”

“Labda supu ilikosa chumvi.”

Hakucheka. Alishika ukingo wa droo kwa mikono miwili. “Uso wake siuoni, Wiebke. Nilijua nimeuandika.”

Utani ukanikauka mdomoni. Nikaanza kumsimulia: bibi alivyocheka mpaka vikombe vikagongana; alivyokuwa akivaa soksi za babu na kukana mbele ya watu. Alisikiliza kama mwanafunzi, akavuta kadi mpya, akaandika mstari mmoja, kisha kalamu ikasimama.

“Chanzo?”

“Chanzo gani tena? Mimi nilikuwepo! Wewe mwenyewe ulikuwepo!”

“Mimi sikumbuki. Nabaki na shahidi mmoja, tena wakati huo alikuwa mtoto.” Akanisukumia kadi. “Kaa nayo wewe, mjukuu wangu. Siwezi kukitia sahihi nisichokijua.”

Kitabu kilitoka Septemba. Kutoka sura ya nane kinaruka hadi ya kumi, na wasomi wameshaanza kuandika makala kueleza maana ya pengo hilo. Babu anazisoma moja moja, anaitikia kwa kichwa, anaona zina hoja.