Jina Kabla ya Solo

Jumapili hiyo mchana, mwaka wa themanini na saba, bendi ya Ainabkoi Jazz walipanda tena jukwaani katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Pioneer, wanaume wazima sasa, wenye vitambi. Kipyego aliimba huku macho yake yakikwepa gitaa la Jacktone.

Tangu wakiwa wanafunzi desturi yao ilikuwa moja: mwimbaji anamwita mpiga gitaa la solo kwa jina, ndipo nyuzi zilie. Na mdomo wa Kipyego wakati huo haukujua breki. Katikati ya wimbo wa kumcheka chifu alipaza sauti, "Jacktone, mtunzi mwenyewe, waambie!" Askari waliokuwa ukumbini hawakuhitaji kuuliza wimbo ni wa nani. Jacktone alifungwa mwaka mzima.

Leo wimbo ulikuwa wa mapenzi tu, usio na ubaya wowote. Lakini zamu ya solo ilipofika, Kipyego hakulitaja jina. Akarudia kiitikio, akarudia tena. Jacktone alingoja, vidole vikiwa juu ya nyuzi, mpaka mpiga ngoma akaona aibu akaufunga wimbo.

Watu walipiga makofi. Kipyego alimsogelea rafiki yake, jasho likimtiririka.

"Nisamehe, ndugu yangu. Niliogopa kukuponza tena."

Jacktone alichomoa waya wa gitaa polepole, kisha akaelekeza kidevu kwenye kiti cha mbele, alikoketi mama yake na kitambaa cha kanisani kichwani.

"Siku ile uliniita, wakanisikia askari," alisema. "Leo mama ametoka Kisumu kuja kunisikia, nawe umeninyamazia."