Mlipuko wa Adhuhuri

Kazini walimwita Chekeche, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchekecha. Darubini iliyokuwa ikizunguka juu ya dunia ilipoona mmweko wa miale ya gama, ilituma taarifa kwenye simu yake, naye akaamua upesi: je, ni nyota imelipuka kweli huko mbali, au ni jua tu limepiga chafya? Ikiwa ni kweli, aliwaarifu wenye darubini za ardhini wazigeuze kabla mwanga uliobaki haujafifia.

Wiki ile zamu ilikuwa yake, na jua lilikuwa limechafuka. Simu ililia akioga, ikalia akiwa kwenye foleni ya dawa, na kila mara ilikuwa uongo mtupu. Tena mama yake alikuwa ametoka hospitali na nyonga iliyovunjika, na dada yake Chekeche, aliyeahidi kumpokea zamu ya kumuuguza, hakukosa udhuru.

Adhuhuri moja alikuwa amemwinamia mama, amemshika mabega ili amgeuze ubavu, simu ikalia mezani.

"Ni lile lidude lako?" mama aliuliza.

"Ndilo. Labda limeona nyota imekufa."

"Imekufa lini?"

"Zamani sana, mama. Hata dunia ilikuwa haijakuwepo. Mwanga wake ndio unafika leo."

"Basi hiyo imeshakufa, haina haraka. Mimi bado, na ubavu unaniwaka moto."

Chekeche alicheka bila nguvu. Akajiambia hili nalo ni jua. Akamgeuza mama taratibu, akamwekea mto katikati ya magoti, akabadilisha shuka lililolowa jasho. Ndipo akafungua kompyuta.

Mchoro wa miale ulionyesha kilele kimoja kirefu, kisha vilele vidogo vikifuatana hadi vikaisha, na jua lilikuwa upande mwingine kabisa wa anga. Huu ulikuwa mlipuko wa kweli. Akaandika taarifa haraka, lakini kabla hajaituma akaona timu ya bara jingine imeshautangaza mlipuko, na darubini yao imeshaunasa mwanga.

Akampigia mkuu wake.

"Nimechelewa. Nilikuwa namgeuza mama."

"Ungeniambia una mgonjwa."

"Zamu angeichukua nani? Sote tuko hoi."

"Ningeichukua mimi. Naichukua sasa hivi. Mlipuko umeonwa, yatosha. Kalale."

Alimshukuru, lakini akawaonea wivu wale waliomtangulia. Mlipuko kama ule alikuwa ameungoja tangu aanze kazi. Alitaka kuutazama mchoro mara ya pili, lakini hata kifuniko cha kompyuta alikiona kizito. Akajinyoosha sakafuni kando ya kitanda, viatu miguuni.

"Umemaliza?" mama aliuliza, macho yamefumbwa.

"Wamemaliza wenzangu."

"Afadhali. Chukua mto mmoja hapa, mwanangu. Hiyo sakafu itakuvunja shingo, halafu nani atamgeuza nani?"