Kigae Kilichobaki

Katika karakana ya vigae, msimamizi alikuwa na sheria yake: mzigo uliohesabiwa vizuri hupangika mistari iliyolingana. Kikibaki hata kigae kimoja, aliyehesabu ni mwizi. Wafanyakazi walimwita Mistari, akiwa mbali lakini.

Kwa sheria hiyo, miaka saba iliyopita, alimfukuza mama wa msichana aitwaye Kimya. Mama alihesabu vigae 10,037, vidogo kama kucha. Vikapangwa mistari miwili, kimoja kikabaki. Minne, kimoja. Kumi na mitatu, kimoja tena. Mkoba wake ukamwagwa mbele ya wenzake: kitana, leso, kipande cha mkate. Tangu siku ile mama hapiti barabara ya karakana.

Kimya aliacha shule darasa la tano. Akakaa nyuma ya mlango na kipande cha mkaa, akiigawa namba ileile mpaka akaijua kama kiganja chake. Alipokua, akaomba kazi palepale, meza ya mama.

Siku mwenye karakana alipokuja kukagua, alimtaka msimamizi ahesabu mwenyewe. Kimya akamsogezea magunia. Elfu kumi kamili, na asubuhi hiyo alikuwa ameongeza thelathini na saba.

"10,037!" Mistari akatangaza, akatia sahihi.

"Haya, vipange."

Akapanga mia kwa mia, thelathini na saba vikabaki. Akapanga mistari kumi na mitatu, kimoja kikabaki. Akahesabu upya, namba ileile.

"Sheria ni msumeno, baba!" mchoma vigae mmoja akamrushia. "Hukata mbele na nyuma!"

"Leteni mkoba wake," mwenye karakana akasema.

Kimya alikuwa na karatasi ya hesabu zake kifuani. Neno moja tu lingemwokoa yule mtu. Akaacha mkoba umwagwe: miwani, soksi moja, dawa ya tumbo. Watu wakaangua kicheko. Kimya akatazama mpaka kitu cha mwisho kilipoanguka, ndipo akaiweka karatasi mezani.

"Hakuiba, mzee. Namba hii ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimejaribu mbili hadi mia. Kuvuka mia hakuna haja: kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote nimewamaliza. Itakubali mstari mmoja tu, utoke hapa mpaka sokoni."

"Ulijua, binti?" Mistari akanong'ona. "Mbona ukanyamaza?"

"Mama alikuwa na namba hiihii. Ulimsikiliza?"

Mwenye karakana akaisoma karatasi mara mbili. "Unataka afanyweje?"

"Aende kwa mama kwa miguu, mkoba wazi. Amwambie mbele ya majirani kwamba mwizi hakuwepo." Akamtia Mistari kigae kimoja kiganjani. "Hiki ndicho kilichobaki. Mpelekee."

Mistari akatoka kichwa chini. Kimya akamfuata hatua tano nyuma, asije akapotea njia.