Wanawake Wawili wa Baraza

Masele alikuwa na miezi minne kaburini, na mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha alfajiri. Mjane wake, Milembe, alikaa kwenye mkeka ndani ya ofisi ya kijiji. Ekari tatu za shamba alizomwachia ndizo zilizolisha binti zake wanne. Zikienda, hana pengine.

Shemeji yake, Mayunga, hakuwa na wasiwasi. Tangu wanunuzi waanze kugombania pamba, kila mmoja na mizani yake, bei ikipanda, alikuwa akilitolea macho shamba la marehemu kaka yake.

"Nilitaka kukurithi, ukajifanya bibi harusi," alimcheka. "Sasa karithiwe na panya."

Baraza la ardhi la kijiji lilishakaa: wanaume wanne, wote wamekunywa pombe kwa Mayunga juzi, na wanawake wawili, Felisita na Joyness. Mwanamke wa tatu alikuwa amelazwa hospitali, Bariadi.

"Tusichoshane," alisema mwenyekiti, mzee Yakobo. "Tupige kura, shamba ni la nani."

Wanne kwa wawili. Milembe akamtazama Felisita, shoga yake tangu usichana. Felisita alikaza khanga kiunoni, akainuka, akatoka nje.

"Mayu, mama wee! Unaniacha?" Milembe alimwita.

"Huyo! Ng'ombe kakimbia mnada!" Mayunga alipiga makofi.

Felisita alisimama nje ya kizingiti. "Mzee Yakobo, soma hiyo sheria uliyoibana kwapani. Nasikia wabunge wanawake waliipigania kwa kelele kule Dodoma. Wanawake wasipofika wawili, si kikao. Humo ndani kabaki Joyness peke yake."

Yakobo alifunua karatasi, akasoma midomo ikichezacheza, akazikunja taratibu.

"Tumeahirisha. Mpaka mama yule apone."

"Plau langu halijui kusoma!" Mayunga alifoka, akaenda kufunga maksai alilime shamba.

Felisita alimshika Milembe mkono. "Usilie sasa. Nimekupatia muda, sijakupatia shamba. Leo mume wangu atanipiga kwa kuwaaibisha wanaume. Usipopanda, nitakuwa nimepigwa bure. Baraza wakikuta mbegu zako ardhini, watajua shamba lina mwenyewe."

Milembe alipitia nyumbani mbio kuchukua mbegu, jembe akalisahau. Shambani alichimba kwa vidole, mbegu nne kila shimo, tope likimjaa kwenye kucha, kamasi na machozi vikimchuruzika pamoja. Mjeledi wa Mayunga ulilia nyuma ya ua wa minyaa, na kwato za maksai zikafuata.

Hakuinua uso. Alisogea hatua moja, akachimba shimo jingine.