Kidonge cha Jioni

Mume wangu alisoma kwenye simu kwamba dawa ya presha hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa jioni, akahamisha kidonge chake bila kumuuliza mtu. Na kidonge chenyewe ni kile cha kukojoza. Tangu hapo kitanda chetu kikawa kama stendi: anashuka, anapanda, anawasha taa, ananikanyaga mguu, halafu ananiuliza kama nimelala.

Siku ya kliniki nilimfuata hadi ndani, nikamchongea kwa daktari.

Daktari alijikaza asicheke. "Mzee, hata sisi wengine tuliwahi kuamini hivyo. Tafiti za karibuni zimelinganisha, na asubuhi au jioni ni yale yale. Muhimu usisahau. Hiki chako meza asubuhi, usiku ulale."

"Kwa hiyo sijajiharibu?"

"Hujajiharibu. Umejichosha tu."

Mume wangu akashusha pumzi, akanigeukia. "Umesikia, mama watoto? Niko salama."

Nilisikia kwa mbali. Nilikuwa nimeshaegemea ukuta, macho yanajifumba yenyewe. Daktari akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwache kwanza, mzee. Aliyepona leo ni huyu."