Miti ya Mzee Waisiko

Tangu habari za machimbo mapya zienee, wenzake watatu waliacha kazi wakaifuata dhahabu. Bhoke akabaki peke yake katika ofisi ya tathmini ya ardhi, Nyangoto, na kompyuta moja iliyo hai. Asubuhi hiyo kompyuta ilikataa kupokea toleo jipya la mfumo wake, kwa kuwa diski ilijaa. Isiposasishwa kabla ya saa kumi, makao makuu wangeiondoa mtandaoni, na madai ya kaya themanini zinazongoja kuhamishwa yasingefika kokote.

Alifuta alivyojua. Alimwaga pipa la taka la kompyuta, akaondoa mafaili ya muda na picha za mashauri yote yaliyofungwa. Simu ya mezani ikalia.

"Shikamoo, dada Bhoke." Alikuwa Elkana, fundi wa Mwanza aliyeiona mashine yake kwa mtandao, ambaye hajapata kuonana naye.

"Marahaba. Nimefika wapi?"

"Umepungukiwa gigabaiti mbili. Mashine yako imeshiba kama mgeni wa harusini."

"Mgeni akishiba huaga, Elkana. Hii haiagi."

"Naona video moja ya shauri lililofungwa. Iondoe hiyo, tumalize."

"Haiwezi kunakiliwa?"

"Matundu ya flashi tumeyafunga, na kwa barua pepe haipiti. Ni yako?"

"Ni ya kazi," akajibu. Na kweli ilikuwa ya kazi.

Simu yake mwenyewe ilikuwa kwa mlinzi getini, kama kanuni inavyotaka, hata kurekodi nayo asingeweza. Saa ilikuwa tisa na nusu. Akaifungua video.

Baba yake, Mzee Waisiko, alitokea ameshika kibao cha namba, akauzunguka mji wake, boma la familia, akionyesha miti ya kuhesabiwa. Kamera aliishika Bhoke mwenyewe. Mwaka uliofuata mzee alifia ugenini Morotonga, alikohamishiwa, na mji ule sasa umelala chini ya kifusi, ndani ya uzio wa mgodi. Sauti yake haikubaki kwingine.

"Mibuni hii kumi na miwili aliipanda mama yenu," alisema kwa Kikurya. "Mkuyu huu niliukuta. Na hicho kisiki kiandikeni, nacho kilikuwa mti."

Kisha ikasikika sauti ya msichana nyuma ya kamera, kavu: "Baba, twende haraka, wengine wanangoja."

Mzee alitazama kamera, akainamisha kichwa, akaharakisha. Miti ya nyuma ya ghala hakuitaja.

Bhoke alichukua karatasi, akairudisha video mwanzo, akaandika kila neno la baba yake kama alivyolitamka. La kwake pia aliliandika. Dakika kumi kabla ya saa kumi akaifuta, kisha akalimwaga pipa.

Simu ikalia tena.

"Imekubali, inapakua," alisema Elkana. "Kumbe ilikuwa na nini, nzito vile?"

"Miti," akasema Bhoke.

Elkana alicheka, akaaga. Bhoke akabaki ameshika mkono wa simu sikioni, akisikiliza mlio wa laini iliyokatika.